Nilienda kula kwa vigani, na mimi ni mtu wa bucha

Nianze kwa kuomba radhi wateja wangu wa Kondele, hapa Kisumu, walioniona Jumapili hiyo nikitoka Milimani nimebeba mfuko wa karatasi umeandikwa HAKUNA MNYAMA ALIYEUMIA. Ndiyo, nilikua mimi. Na ndiyo, Jumatatu saa kumi na moja asubuhi nilikua bucha napokea nusu ng'ombe kutoka kichinjio kama kawaida, kwa hivyo msinitumie tena hizo meseji za ati nimeokoka.

Stori iko hivi. Dadangu, yule ananifuata, anafanya kazi Nairobi na tangu mwaka jana ameacha nyama. Sio nyama tu, ameacha maziwa, mayai, siagi, samaki, hadi asali. Samaki! Mtu amezaliwa Kisumu, amekula ngege kabla hajaota meno, leo anapita kando ya Dunga, kule ufukweni wanakouza samaki, anageuza uso. Watu kama hawa wanaitwa vigani, na kama unadhani hilo ni jina rahisi jaribu kumweleza Mama kwa simu.

"Huyo mtoto siku hizi anakula chakula gani?"

"Anakula vya vigani, Mama."

"Ndo nauliza, vya vigani?"

"Si ndo hivyo, vya vigani."

"Wewe, nimekuuliza swali unanirudishia?" Akakata simu. Mpaka leo sijui kama alielewa.

Sasa alipokuja wikendi akasema anataka kunitoa lanchi, yeye analipa, kuna kafe ndogo Milimani ya hao watu wake. Nilikataa mara mbili, mara ya tatu akaniuliza kwani mara ya mwisho kukula lanchi nimekaa chini ilikua lini, na hapo nikakosa jibu, maana pale bucha mimi hukula nimesimama, mkono mmoja ugali mkono mmoja kisu. Tukapanda tuktuk.

Njiani akanipa somo, hakuna mtu anapenda kufundisha kama mtu aliyeacha kitu. Akasema hilo neno limetoka Uingereza, lilitungwa 1944 na jamaa anaitwa Donald Watson na wenzake, kwa sababu tayari kulikua na watu wasiokula nyama lakini wanakunywa maziwa na kula mayai, sasa hawa wakaona wamezidi kiwango hicho wakataka jina lao. Na wana siku yao duniani, 1 Novemba. Nikamwambia kutokula nyama sio kitu kigeni hapa, reli ilifika Kisumu 1901, wakati huo inaitwa Port Florence, Wahindi wakafungua maduka, na kuna familia hapa mjini ambazo hazijawahi kuweka nyama mdomoni kizazi hadi kizazi. Na shangazi yetu wa Kendu Bay je? Wasabato walifika Gendia, huko huko karibu, 1906, na huyo shangazi, Msabato, hata samaki wa mumi alikua hali kwa sababu hana magamba, nyama yenyewe aliigusa Krismasi tu. Dadangu akasema ndiyo, lakini Wahindi wanakula samli na shangazi alikua anakunywa chai ya maziwa kama hana akili nzuri, kwa hivyo hao sio vigani. Sawa. Nikanyamaza nikaangalia barabara.

Kafe yenyewe iko ndani ya kompaundi ya nyumba ya zamani, chini ya mwembe mkubwa, viti vimetengenezwa na mbao za paleti, meza kila moja ina chupa iliyowekwa ua. Watu kama kumi na tano hivi, wengi na laptopu, mmoja rasta na watoto wake wawili, wazee wawili Wahindi, na paka. Nilimuangalia huyo paka sana. Amenona. Nikamuuliza weita, kijana mdogo hivi, paka wenu naye ni kigani? Akacheka akaangalia nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Bosi, huyo hupewa dagaa wa omena nje ya geti." Hapo nikaanza kujisikia nyumbani kidogo.

Menyu imeandikwa kwa chaki kwa ubao mweusi. Na hapa ndo nilichanganyikiwa, maana nusu ya hiyo menyu ni majina ya nyama. Mishikaki. Baga. Soseji. Nikauliza dadangu, kama mtu ameachana na mke wake mbona anaita mke mpya jina la yule wa kwanza? Akasema agiza tu brathe, watu wana njaa.

Tukaagiza samosa mbili za ndengu, baga ya fenesi, mishikaki ya soya, ugali na mboga, juisi yake na chai yangu.

Samosa zilikua samosa. Sina la kusema, samosa ya ndengu inauzwa hadi kwa stejini, hii ilikua na dania nyingi na ilikua moto, tukamaliza kabla weita hajafika jikoni.

Mishikaki sasa. Wueh. Niwaambie kwanza hizo soya ni nini, maana watu wamekula shuleni bila kujua. Ni unga wa soya uliokamuliwa mafuta, ukasukumwa kwa mashine kwa joto na presha, ukitoka unafura kama bisi. Ukiloweka kwa maji inakua laini. Sawa, hakuna ubaya. Lakini nyama ina nyuzi, na mimi kazi yangu ya miaka kumi na moja ni kusoma nyuzi. Nyuzi zinaenda upande mmoja, wewe unakata kinyume chake ndo mteja asitafune hadi usiku. Hii soya haina upande. Niliigeuza hivi, nikaigeuza vile, nikaivuta na vidole, ikakatika popote inapotaka. Ukiuma inatema maji ya mchuzi kama sponji ya kuoshea vyombo, alafu inarudi pale pale ilipokua. Nilikula mbili kwa heshima ya anayelipa. Ya tatu nilimwangalia paka, naye akageuza kichwa.

Baga ya fenesi ndo ilinifunga mdomo. Mimi fenesi naijua ile iliyoiva, ya njano, tamu, unanunua kipande soko la Kibuye unakula ukitembea na mikono inanata. Hawa wanatumia fenesi changa, mbichi kabisa, kabla haijapata sukari. Wanaichemsha hadi ilegee, wanaichana na uma, alafu wanaikaanga na kitunguu, pilipili na ukwaju. Na ile kitu ina nyuzi! Nyuzi za kweli, ndefu, zinaachana zenyewe. Nilifungua baga nikatoa utepe mmoja nikauinua kwa mwanga. Kama ungeniletea hiyo kwa sahani bila kuniambia ningesema ni kidari kilichochemshwa masaa matatu, na ningekuuliza ng'ombe alikua wa wapi. Ladha si ya nyama, nisidanganye, mafuta hayapo, ile kitu ya mwisho inayobaki kwa ulimi haipo, lakini mdomo wangu ulikua umeshadanganyika hadi nimefika nusu. Dadangu alikua ananirekodi na simu. Nilijua na sikujali.

Alafu ugali na mboga. Ugali wa mtama na muhogo, ule mweusi mzito, na mboga mbili, mrenda na managu, yaani apoth na osuga kwetu. Sasa hapa lazima nisimame kidogo kwa sababu hapa ndo nilipigwa. Osuga ya Mama, kama hujawahi kula osuga ya mama wa Kijaluo, inachemshwa, maji machungu yanamwagwa, inatiwa maziwa, inalala, kesho inarudishwa motoni inaongezwa maziwa tena, na kesho kutwa tena, mpaka uchungu uishe na ibaki ile rojo nzito. Na juu anaweka mo, ile samli yetu ya nyumbani. Kwa hivyo mboga ya Mama, ile tunaita mboga tu, chakula cha siku ya kawaida wakati hakuna kitu, sio ya vigani. Ina ng'ombe ndani. Nilikua sijawahi kufikiria hivyo hata siku moja.

Ya pale wametumia tui la nazi badala ya maziwa. Nilitaka kuichukia. Ilikua nzuri, tamu zaidi, laini, lakini ilikua na harufu ya pwani, kama jirani mgeni amevaa koti la babako. Mrenda ndo ilikua sawasawa kabisa, ile inavutika kama kamba, na nikaonja kitu nikajua, hii haijatiwa magadi ya dukani. Hii ni ile maji ya majivu, musherekha, Waluhya wanachoma maganda ya maharagwe wanachuja maji kwa majivu yake. Nikamwambia weita jikoni kuna Mluhya. Akauliza nimejuaje.

Nikamuuliza dadangu, sasa ukienda nyumbani na Mama akupakulie osuga yake, na mo juu, unafanyaje? Alikaa kimya kidogo anachezea mrija wa juisi. Akasema, "Nakula." Nikamwambia si umeacha maziwa? Akasema ameacha maziwa, hajamwacha Mama. Alafu akaniambia nisiandike hiyo. Pole sis.

Shida yake kubwa sio osuga lakini, ni kuku. Nyumbani mgeni anachinjiwa kuku, na yeye siku hizi akienda nyumbani ni mgeni. Anasema Desemba alisikia kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba na akajua ni yeye anakimbiziwa. Utamwambiaje Mama aache? Aliomba wamwachie huyo kuku atage, Mama akauliza kwani anaumwa. Na hapo akatoa kijichupa kwa pochi akameza tembe, nikauliza kumbe ni kweli unaumwa, akasema hiyo ni B12, vitamini inayopatikana kwa nyama, samaki, mayai na maziwa, sasa kigani lazima aitafute kwa tembe au kwa vyakula vilivyoongezewa. Nikamwambia kipande kimoja cha maini kwa wiki kingekumalizia hiyo shida na ningekupa bei ya familia. Aliniangalia vile Mama huangalia.

Chai sitaisema sana. Niliitisha chai, weita akauliza maziwa ya soya au ya njugu, nikasema soya, ikaja imekatika, vipande vipande vyeupe vinaelea juu. Weita akasema huwa inafanya hivyo ikipatana na majani makali na moto mwingi. Nikanywa ya rangi. Kuna vitu mtu wa Kisumu hafai kuulizwa, na chai ni kimoja.

Bili ikaja: samosa 160, baga 550, mishikaki 450, ugali na mboga 400, juisi 250, chai 150, na aiskrimu ya ndizi tuliyoongeza baadaye 300. Hiyo aiskrimu ni ndizi tu, zimegandishwa zikasagwa, hakuna kingine, na inakuja laini kama ya maziwa, nimeshajaribu nyumbani na watoto wamenyamaza. Jumla 2,260. Mtu wa bucha hahesabu pesa kwa shilingi, anahesabu kwa kilo. Kwangu kilo ni 650, kwa hivyo pale mezani tulikua tumekula kilo tatu na nusu ya nyama kasoro shilingi kumi na tano.

Na hapo ndo kichwa kikaanza kuenda mbali. Maana mimi nakaa nyuma ya mizani na najua mtaa wangu unakula nini kuliko hata pastor. Tarehe mbili, tatu, watu wanakuja kwa kilo, kilo mbili, steki, hawaulizi bei. Tarehe kumi ni nusu, robo. Kuanzia tarehe kumi na tano ni "nikatie ya mia". Nyama ya mia kwa bei yangu ni gramu mia na hamsini na kitu, inatoshea kwa kiganja, na ninajua inaenda kwa nyumba ya watu sita. Inakatwa vipande vidogo kama kucha ili mchuzi unuke. Wengine hawachukui nyama, wanaomba mfupa wa supu niwaongezee. Siku zingine zote ni sukuma, ni omena za kupimiwa na kikombe, ni nyoyo, mahindi na maharagwe yamechemshwa na chumvi basi, na hiyo nyoyo ukiiangalia vizuri haina mnyama hata mmoja, iko sawa na ubao wa kule Milimani, tofauti ni hakuna ua kwa chupa. Mtaa mzima, wiki tatu kwa mwezi, ni vigani kasoro omena, na hakuna aliyeamua.

Nilimwambia dadangu hivyo. Akasema anajua, na ndo maana haendi huko mtaani kuhubiria mtu. Akasema mtu akiacha kitu ni lazima kwanza awe alikua nacho. Tukaacha hapo, tulikua tumeshiba.

Tulikua tunasubiri chenji wakati nikasikia kisu. Sijui niwaeleze vipi, mtu wa bucha anasikia kisu butu vile fundi wa gari anasikia injini mbaya ikipita barabarani. Kutoka jikoni, grr, grr, grr, mtu anakata kitu kigumu kama anakata mbao na msumeno. Nikavumilia. Ikaendelea. Dadangu akasema, "Brathe tulia, leo uko ofu." Nikasimama.

Jikoni kulikua na mama wa makamo, leso kichwani, anapambana na fenesi changa kubwa kama mtoto wa miaka mitatu. Amejipaka mafuta mikononi na kwa kisu kwa sababu ya ule utomvu, ukishikana na ngozi hautoki na sabuni, lakini kisu chenyewe hata nyanya kingeisukuma tu. Nikamwambia, "Mama samahani, utajikata. Kisu butu ndo hukata watu." Akaniangalia juu chini. Nikaomba kikombe. Kikombe cha udongo ukikigeuza, pale chini kuna duara ambalo halijapakwa ile rangi ya kung'aa, ni kwaruzo kama jiwe. Ukilaza kisu hapo kwa mshazari, uvute kutoka shina hadi ncha, upande huu mara kumi, upande ule mara kumi, kinaamka. Sio kazi ya kudumu lakini inakuvusha siku. Nikampa. Akagusa fenesi, kisu kikaingia chenyewe hadi mwisho, akasema "Eeeh!" na Kiluhya kingine ambacho sikukielewa.

"Kijana, wewe unafanya kazi gani?"

Nyuma yangu dadangu akakohoa. Weita naye alikua amesimama mlangoni.

"Niko na bucha, Mama. Kondele."

Huyo mama alicheka hadi akashika meza. Alicheka akaweka kisu chini ili asijiumize. Alipopumua nikamuuliza, na wewe Mama, huko kwenu Vihiga umeacha ingokho, yaani kuku, kweli? Akasema hapa ni kazi, kijana wangu, nyumbani mzee asipopata imondo yake, ile firigisi ya kuku, hatulali.

Ndo akanifungia ile mfuko wa karatasi ambao mliniona nao, ndani kulikua na chapo nne na mrenda kwa kopo.

Sasa kila Jumatatu jioni weita anakuja Kondele na tuktuk, analeta visu vitatu vimefungwa kwa taulo, nanoa, anarudi navyo. Silipwi pesa, naletewa chapo na mrenda, wakati mwingine baga ya fenesi, ambayo naila nikiwa nimesimama kando ya gogo, na sitaki maneno. Wiki ya kwanza alinipa ujumbe kutoka kwa mama jikoni, kaona haya kidogo kusema: kama hilo jiwe la kunolea linagusa visu vya nyama. Linagusa, kwani nitanoa nini kingine? Akasema wateja wao wakijua itakua shida.

Nikaenda Kibuye nikanunua jiwe lingine. Liko kwa rafu ya juu, limefungwa kwa gazeti, hakuna kisu changu kinaligusa na nimemwonya hadi kijana wangu wa mkono. Juzi mteja wangu mmoja, wa nyama ya mia, akaliona nikilifungua akauliza hilo jiwe la pili ni la nini. Nikamwambia ni la mboga. Akaniangalia, akaangalia jiwe, akasema sawa, lakini mfupa uniongeze.